Samaki chini ya barafu, samaki chini ya tope: maswali ya mtoto wa Idodi

Ni Jumamosi jioni, Idodi. Jua limeanza kushuka lakini joto bado halijatoka kwenye kuta za matofali. Mtoto wa darasa la nne amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, macho yote kwenye simu ya mama yake. Kwenye kioo kuna watu waliovaa makoti mazito, wamepanda kigari kifupi chenye magurudumu sita. Kigari kinapita juu ya ziwa lililoganda likawa jeupe kama sakafu ya chokaa. Kinasimama. Watu wanashuka, wanatoboa shimo kwa keekee ndefu, wanatumbukiza mshipi. Baada ya muda wanavuta samaki anayerukaruka.

"Mama, hawa samaki mbona hawajafa kwa baridi?"

Mama hana jibu. Anamwambia akamuulize baba. Baba, ambaye ndiyo kwanza ametoka shambani, anamwambia akamuulize mwalimu. Na mwalimu ana darasa zima la kufundisha. Ndivyo maswali mengi mazuri ya watoto yanavyopotea njiani.

Swali hili halistahili kupotea. Mtoto anayeuliza habari za samaki leo, kesho ataomba kwenda mtoni na ndoano. Akikatazwa bila maelezo, kuna siku atakwenda na wenzake bila kuaga. Na mito ya tarafa ya Idodi, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, si mahali pa mtoto kwenda bila kuaga.

Kwa hiyo, mzazi, anza na jibu la barafu. Litakufikisha mtoni.

Kwa nini samaki hawagandi

Jibu lipo jikoni. Chukua glasi ya maji, tia kipande cha barafu, hata hii ya kwenye vifuko inayouzwa mtaani kwa watoto. Barafu inaelea. Mwulize mtoto: ingezama, ziwa lingekuwaje?

Lingeganda kuanzia chini kwenda juu, na samaki wasingekuwa na pa kwenda. Lakini maji yana tabia yake. Yakipoa huwa mazito na kuzama, mpaka yafike nyuzi joto 4. Hapo ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati wowote. Yakipoa zaidi ya hapo yanaanza kuwa mepesi, yanabaki juu, na ndiyo yanayoganda. Barafu ikishatanda juu, inafanya kazi ya blanketi: upepo wa baridi haufiki tena kwenye maji ya chini. Kule chini, karibu na sakafu ya ziwa, maji yanabaki kwenye nyuzi 4 au karibu na hapo kwa miezi yote ya baridi.

Samaki hana joto lake la mwili kama sisi. Maji yakipoa naye anapoa, moyo unapunguza mwendo, anakula kidogo na kuogelea polepole. Wapo samaki wanaoipenda hali hiyo. Trauti ni mmoja wao. Wengine ni samaki weupe wa maziwa ya baridi, ambao Wafini huwaita siika. Hawa huendelea kula hata chini ya barafu, na ndiyo maana mvuvi anaweza kuwapata kwa chambo kidogo na fimbo fupi isiyozidi urefu wa mkono.

Kuna jambo moja la kumkumbusha mtoto, maana litarudi mbele: maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Trauti anaifuata baridi kwa sababu ya pumzi.

Kigari kinachoelea

Swali la pili la mtoto ni kuhusu kigari. Vya aina hii vimekuwepo muda mrefu. Kampuni moja ya Ontario, Canada, ilianza kutengeneza vya jina la Argo mwaka 1967. Vingi vina magurudumu sita au manane yenye matairi mapana yasiyojazwa upepo mwingi, na bodi yake ni kama beseni kubwa lisilopitisha maji. Hakina usukani unaopinda matairi ya mbele kama gari la kawaida. Dereva akitaka kukata kona, magurudumu ya upande mmoja yanapunguzwa mwendo na ya upande mwingine yanaendelea kusukuma. Kikiingia majini kinaelea, na matairi yenyewe yanakisukuma kama makasia, polepole, mwendo wa mtu anayetembea.

Wavuvi wa barafu hukipenda kwa sababu barafu inaweza kupasuka. Gari la kawaida likipasukiwa linazama na waliomo. Hiki kinabaki juu.

Hapo, mzazi, simamisha video kidogo. Kuna kitu ambacho video nyingi hazionyeshi: hata mwenye kigari kinachoelea hupima barafu kwanza. Idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Wasomali na Wakenya wengi wamehamia na watoto wao wanakua wakiona maziwa yaliyoganda kila mwaka, hutoa mwongozo wa unene. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, barafu mpya na imara isipungue sentimita 10. Kwa pikipiki ya theluji au kigari kidogo, sentimita 13 hadi 18. Kwa gari dogo la kawaida, zaidi ya sentimita 20. Na baada ya kutoa vipimo hivyo vyote, idara hiyo hiyo huongeza onyo kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100. Mahali panapoingia mto barafu huwa nyembamba. Theluji ikiifunika, huoni ufa.

Ndiyo maana mvuvi makini hutoboa tundu la kupimia, anasogea hatua kadhaa, anatoboa tena. Huvaa jaketi okozi juu ya koti. Shingoni huning'iniza misumari miwili yenye mishikio, ili akitumbukia aichome kwenye barafu na kujivuta atoke. Maji ya baridi kiasi hicho humkata mtu pumzi mara moja na kumwishia nguvu za mikono baada ya dakika chache. Kigari kinaelea, lakini aliyeanguka kutoka kwenye kigari hicho hana muda mrefu.

Mtoto akielewa hapo, ameshapata somo kubwa kuliko la kigari: usikanyage usichokipima.

Trauti wa kwetu

Huenda mtoto akauliza kama samaki hao wapo Tanzania. Siika hatunaye. Trauti yupo, na aliletwa. Nchini Kenya, trauti kutoka Scotland walipandikizwa kwenye mito ya milima ya Aberdare mwaka 1905. Baadaye, enzi za utawala wa Waingereza, trauti walipelekwa pia kwenye mito ya baridi ya milimani Tanganyika, kaskazini na Nyanda za Juu Kusini, ili wazungu wapate samaki wa kuvua kwa starehe kama kwao.

Nyanda za Juu Kusini zinaijua baridi. Mzazi aliyewahi kulala Makete, Kitulo au Mufindi mwezi wa Juni au Julai ameona asubuhi majani yamekuwa meupe kwa jalidi. Lakini hakuna ziwa linaloganda hapa nchini. Barafu ya kudumu iliyobaki ni ile ya kilele cha Kilimanjaro, nayo inapungua.

Idodi iko chini, kwenye bonde la joto. Trauti akiletwa kwenye mfereji wa mpunga wa Idodi au Tungamalenga hatadumu, kwa sababu ile ile ya pumzi: maji ni ya moto, oksijeni haimtoshi. Samaki wa huku ni perege na kambale, na wao wana mtihani wao.

Kiangazi ndicho kinachofunga mlango

Mto Ruaha Mkuu huanzia kwenye milima ya Poroto na Kipengere, upande wa Mbeya na Njombe. Unashuka kwenye mbuga za Usangu, unapita kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha unaingia Hifadhi ya Ruaha na kuelekea bwawa la Mtera. Ruaha Mdogo nao unatoka nyanda za juu, unapita Iringa mjini na kushuka Pawaga. Mvua za ukanda huu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo, mito huishi kwa akiba.

Akiba hiyo haitoshi tena. Zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 maji yalikatika hifadhini wakati wa kiangazi, na tangu hapo kukauka kumekuwa jambo la kila mwaka, kwa wiki kadhaa au kwa miezi. Maji mengi huchukuliwa juu, hasa Usangu, kwa mashamba ya umwagiliaji. Mifugo nayo iliongezeka kwenye ardhi oevu, na misitu ya vyanzo ilikatwa.

Mto ukiacha kutiririka, hubaki madimbwi. Kama vile barafu inavyomfungia siika ndani ya ziwa, kiangazi humfungia perege ndani ya dimbwi. Tofauti ni kwamba maji ya dimbwi yanapata moto kila siku na hewa inapungua. Asubuhi na mapema mtoto mwenye macho makali atawaona perege wamepanda juu, midomo wazi, wakitafuta pumzi pale maji yanapokutana na hewa.

Kambale ana nafuu. Juu ya mashavu yake, nyuma ya matamvua, ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo ambacho humwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Ndiyo maana kambale akitolewa kwenye ndoo saa nyingi baada ya kuvuliwa bado anapigapiga mkia. Usiku wenye unyevu anaweza hata kujikokota juu ya nchi kavu, akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake, kutafuta maji mengine. Kamongo, samaki wa mabwawa na matope ya Afrika, amekwenda mbali zaidi: ana mapafu, na baadhi ya jamii zake hujichimbia kwenye tope, hujizungushia ngozi ya ute uliokauka, na kulala humo miezi mingi mpaka mvua irudi.

Hapo jibu la mtoto limekamilika. Kule wanaishi chini ya barafu, huku wanaishi chini ya tope.

Dimbwi dogo, hatari kubwa

Wazazi wengi huwa wakali masika, mto unapojaa na kunguruma. Kiangazi wanalegeza. Maji yamepungua, mtoto atazama wapi?

Mambo yako kinyume. Mto ukipungua, samaki hukusanyika, na wanaowala samaki hukusanyika pia. Mamba waliokuwa wametawanyika kilomita nyingi wanabanana kwenye madimbwi machache. Viboko hali kadhalika, tena wakiwa na hasira ya kubanana. Mtoto anayechutama ukingoni akiosha samaki amejiweka kwenye kimo cha mamba. Na anayetembea asubuhi na mapema au jioni kwenye njia inayotoka malishoni kwenda majini anaweza kujikuta kati ya kiboko na maji, mahali pabaya kuliko pote.

Kuna tope. Kingo za bwawa au dimbwi linalokauka hufanya gamba juu, limepasukapasuka, linaonekana gumu. Chini yake bado ni uji. Ng'ombe hunasa humo, na mtoto hunasa pia. Hii ndiyo barafu nyembamba ya kwetu.

Kuna mifereji na mashimo ya maji ya bustani karibu na nyumbani. Hayana mamba, ndiyo maana hakuna anayeyaogopa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kina cha goti, tena kimya, bila kupiga kelele.

Kuna kichocho, ambacho minyoo yake huingia kupitia ngozi ya anayesimama kwenye maji yaliyotuama. Mtoto akikojoa damu, asifichwe wala asichekwe; apelekwe zahanati, dawa ipo.

Na kuna sumu. Wapo wanaotwanga mimea kama utupa, au kumwaga dawa za shambani kwenye dimbwi ili samaki waelee. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza. Samaki wa namna hiyo wanaweza kubeba dawa ya shambani hadi kwenye sufuria, na dimbwi hilo hilo punda na mbuzi wa jirani watakunywa kesho.

Kabla hujamruhusu

Haya yote si sababu ya kumnyima mtoto uvuvi. Mtoto anayefundishwa kuvua hujifunza subira na kuhesabu hatari, na hupata muda na baba, babu au mjomba wake ambao simu haiwezi kumpa. Ila afundishwe kama wale wanavyofundishana juu ya barafu.

Kwanza, mjue mahali. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua, na ardhi ya jumuiya ya wanyamapori ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ina taratibu zake. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori kabla ya kwenda. Wao pia ndio wanaojua mamba ameonekana wapi juzi.

Pili, mtoto aende na mtu mzima asiyevua. Mtu anayetazama mshipi hamtazami mtoto. Wakiwa wawili, mmoja avue, mwingine awe macho.

Tatu, wapeleke fimbo ndefu. Ndiyo keekee ya Idodi. Kabla ya kukanyaga tope, lichome. Fimbo ikizama bila kugoma, mguu nao utazama. Fimbo hiyo hiyo ndiyo ya kumnyooshea aliyeteleza.

Nne, wakae mbali na ukingo, hatua kadhaa, na wasirudi kuvulia mahali pale pale kila siku. Mamba hujifunza desturi za watu. Samaki waparuliwe na kuoshwa nyumbani.

Tano, wende jua likiwa limepanda na warudi kabla ya saa kumi jioni.

Sita, mtoto afundishwe kuelea chali kwenye maji salama, na afundishwe kwamba mwenzake akizama haingii kumfuata. Anapiga kelele, ananyoosha fimbo, anarusha kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Watoto wengi hufa wawili wawili kwa sababu wa pili alimfuata wa kwanza.

Aliyeopolewa asining'inizwe miguu juu wala kukamuliwa tumbo. Alazwe chali, na kama hapumui, apulizwe hewa mdomoni na kukandamizwa kifua huku wengine wakitafuta usafiri. Namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hata akizinduka na kucheka, afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Kwa baba anayevua Mtera, jaketi okozi ni sehemu ya vifaa vya kazi kama nyavu. Mtumbwi hauna bodi ya Argo.

Swali la mwisho

Ukishamaliza yote hayo, jiandae kwa swali ambalo mtoto lazima atauliza: na siku madimbwi yenyewe yakikauka, kambale atajikokota kwenda wapi?

Jibu lake linaanzia mbali na Idodi, kwenye vyanzo vya Mbeya na Njombe na kwenye milango ya mifereji ya Usangu. Lakini sehemu yake iko hapa hapa. Ni mfereji usioachwa wazi usiku kucha wakati jaruba limeshajaa. Ni bustani isiyolimwa mpaka mdomoni mwa mto. Ni macho ya nyavu yasiyokamata vifaranga. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyaelewa haya yote, tena akawakumbusha wakubwa kwa sauti.

Na Jumamosi nyingine, wakati baba na mtoto wanafunga chambo kwenye jani la mgomba, mama asiachwe bila neno. Awaulize maswali matatu kabla hawajatoka: mnakwenda wapi, mko na nani, mnarudi saa ngapi. Awaangalie na mikononi. Kama ndoano ipo na fimbo ndefu haipo, wairudie.